Probox inalazwa Ijumaa na chaji, Jumatatu haiwaki: ampea 0.31 zinapitia wapi fyuzi zikiwa zimetolewa?

MizigoKondele

Habari zenu wakuu. Naomba msaada wa kutafuta umeme unaovuja kwenye Probox ya 2010, injini ya 1.5, otomatiki. Gari linasambaza mizigo hapa Kisumu Jumatatu hadi Ijumaa, na asubuhi za katikati ya wiki linawaka bila shida. Likiegeshwa Ijumaa saa 12 jioni, Jumatatu saa 12 asubuhi stata inalia tik-tik tu na taa za dashbodi zinafifia.

Vipimo hadi sasa: betri ni NS60 ya ampea-saa 45, ina miezi minne. Injini ikiunguruma napata volti 14.1 kwenye betri. Jumamosi asubuhi betri inasoma 12.4, Jumatatu asubuhi 11.8. Nimetoa temino ya hasi, nikaweka mita ya ampea 10 katikati, milango ikiwa imefungwa na ufunguo nje: 0.38. Nikatoa fyuzi zote za ndani, zilizo chini ya dashbodi: 0.33. Nikaziacha nje, nikatoa na zile ndogo zote za chini ya boneti: 0.31. Hapo nimekwama.

Vitu vilivyoongezwa baada ya gari kutoka Japani ni redio ya skrini, alamu yenye kukata pampu ya mafuta, traka (kifaa cha kufuatilia gari lilipo), na kamera ya nyuma. Ushauri niliopewa gereji ni kuweka betri ya N70 ili ihimili wikendi. Je, hiyo ni dawa? Na hizo 0.31 zinapita wapi kama fyuzi zimetoka?

Ampea_Nakuru

Umefanya nusu ya kazi tayari, na umeifanya vizuri. Usinunue N70. Kwanza haitakaa: NS60 ina urefu wa karibu sentimita 24, N70 inafika 30, na vichwa vyake ni vinene kuliko temino za Probox. Pili, betri kubwa inaahirisha tu siku ya kuzimika. Piga hesabu: 0.38 mara saa 60 za wikendi ni ampea-saa 22.8. Gari dogo kama hilo, likiwa limelala, linatakiwa kula chini ya 0.05. Kwa saa 60 hizo ni ampea-saa 3, na betri haitasikia.

Kabla ya kuendelea, hakikisha kipimo chenyewe ni cha kweli, maana hapa ndipo watu hupoteza siku nzima. Waya mweusi wa mita uwe kwenye tundu la COM, mwekundu kwenye tundu la 10A. Ncha nyekundu iguse temino ya waya wa hasi uliotolewa, nyeusi iguse kichwa cha hasi cha betri. Tunatumia upande wa hasi kwa sababu spana ikiteleza na kugusa bodi hakuna cheche. Mita ikisoma 0.00 usifurahi mapema, huenda fyuzi ya ndani ya mita imeungua. Ijaribu na balbu ya wati 5 moja kwa moja kwenye betri, lazima ikuonyeshe karibu 0.4.

Mita ikiwa hapo katikati usipige stata hata kidogo. Usifungue mlango wala usiwashe taa. Stata inavuta zaidi ya ampea 100, na mita inabeba 10 tu.

Jambo lingine ni muda. Ukiunganisha mita, alamu na kufuli za milango huamka na unaweza kuona ampea 1 au 2 kwa dakika kadhaa, kisha zinashuka. Probox hutulia haraka, lakini alamu za kuongezwa zina tabia zao, kwa hiyo mpe dakika 30 kabla ya kuandika namba yoyote. Kama unahitaji mlango wazi ili ufikie fyuzi, funga kitasa chake kwa bisibisi mpaka kijifunge mara mbili, gari lidhani mlango umefungwa. Ukimaliza, vuta mkono wa mlango ukifungue kabla ya kuubamiza, la sivyo utavunja kitasa. Taa ya buti nayo itoe balbu kabisa, kwa sababu huwezi kuiona buti ikiwa imefungwa, na wati 5 ni ampea 0.4 peke yake.

Sasa tuje kwenye namba zako. Fyuzi zote ndogo kwa pamoja zimeondoa 0.07 tu. Maana yake njia kubwa ya umeme haipiti kwenye fyuzi hizo. Kuna nyaya tatu za namna hiyo: zilizofungwa moja kwa moja kwenye temino ya chanya na waliokuja baadaye (traka, alamu, amplifaya ya spika), waya mnene wa altaneta (mashine inayochaji betri injini ikiunguruma), na waya mnene wa stata. Swichi ya ufunguo nayo ina nyaya zinazoifikia kabla ya fyuzi ndogo, na wafungaji wa alamu hupenda kunyonya hapo.

Anza na temino ya chanya kwa sababu ni rahisi. Hesabu nyaya zinazotoka pale. Za kiwandani ni nene na zina plastiki yake safi. Waya wowote mwembamba, mwekundu au wa rangi yoyote, uliobanwa chini ya nati au uliofungwa tepe nyeusi, ni mgeni. Ufuate kwa mkono sentimita 20 au 30, mara nyingi utakuta kishika fyuzi kimefichwa ndani ya tepe. Toa fyuzi hiyo, subiri, soma mita. Mmoja mmoja, na andika kila namba kwenye karatasi.

Kisha altaneta. Hapa naomba umakini. Ondoa kwanza hasi ya betri kabisa. Toa nati ya waya mnene nyuma ya altaneta (spana ya 10 au 12), vuta waya, ufunge kwa kipande cha mpira wa tyubu na tepe mpaka shaba isionekane. Waya huo unatoka kwenye betri kupitia fyuzi kubwa tu, ukigusa bodi utawaka. Rudisha mita upande wa hasi, soma. Kisha chomoa na soketi ndogo ya altaneta, soma tena. Ukiona mita inashuka ulipotoa waya mnene, daiodi za altaneta zinavuja. Ikishuka ulipochomoa soketi ndogo, shaka iko kwenye rigaleta (kidhibiti volti cha altaneta) au kwenye waya unaoiletea umeme wakati ufunguo uko nje.

Kijana_wa_Mumias

Njia ya haraka ya kujua altaneta: washa gari, kisha toa temino moja ya betri. Likizimika, altaneta ni mbovu. Likiendelea kuunguruma, altaneta ni nzima, tafuta kwingine.

Ampea_Nakuru

Ndugu yangu, tafadhali usimwelekeze mtu hivyo. Betri ndiyo inayotuliza volti za altaneta. Ukiiondoa injini ikiunguruma, volti zinaweza kuruka mara kadhaa juu ya 14 kwa sekunde ndogo sana, na hiyo inatosha kuua kompyuta ya injini, redio, hata rigaleta yenyewe. Na jibu unalopata halihusiani na swali la MizigoKondele. Altaneta yake inachaji vizuri, 14.1 ni namba safi. Altaneta inaweza kuchaji vizuri mchana na kunyonya betri usiku, kwa sababu kuchaji na kuvuja ni mambo mawili tofauti.

Nieleze kwa nini. Ndani ya altaneta kuna daiodi zinazoruhusu umeme utoke kuelekea betri na kuzuia usirudi. Kuna kundi la upande wa chanya na kundi la upande wa hasi. Ili betri ivuje kwa njia hiyo, umeme lazima urudi kupitia daiodi ya chanya iliyochoka, uingie kwenye koili, kisha upate njia ya kufika kwenye bodi: ama daiodi ya hasi iliyochoka, ama koili iliyochunika inayogusa chuma. Ndiyo maana kipimo cha volti za AC injini ikiunguruma (zikizidi 0.5 kwenye mita ya kawaida, daiodi imekufa) hakitoshi kumaliza swali hili. Daiodi iliyokatika au kuungua kabisa utaiona hapo. Daiodi inayovuja kidogo, ampea 0.1 au 0.2, inaweza kupita kipimo hicho bila kuonekana. Kutoa waya mnene na kusoma mita ndiyo njia ya uhakika.

Na daiodi iliyochoka huvuja zaidi ikiwa na joto. Ukipima asubuhi altaneta ikiwa baridi utapata namba ndogo. Pima pia jioni, dakika 30 baada ya kuzima injini.

Hiace_Luanda

Niongeze upande wa vitu vya kuongezwa, maana kwenye matatu hizi za Kisumu–Busia ndiko shida nyingi zinakotoka: kidhibiti mwendo, traka, amplifaya, taa za ndani za LED, chaja za simu za abiria.

Kwa traka na alamu, kitu cha kutafuta ni rilei ya kukatia, yaani swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme. Rilei ya kawaida ya gari ina koili ya ohimu 80 hadi 90, kwa hiyo ikiwa imevuta, inakula karibu ampea 0.15 mfululizo. Yenyewe tu inatosha kuua betri ndogo kwa wiki moja. Shika rilei zote kwa mkono baada ya gari kulala usiku kucha: iliyo na uvuguvugu inafanya kazi wakati inatakiwa kupumzika. Angalia namba chini yake. Njia ya pampu inatakiwa ipite 30 na 87a, ili rilei isipovuta pampu ipate umeme. Koili ni 85 na 86. Alamu ikijifunga inapeleka hasi kwenye 85 ili pampu ikatwe. Kosa ni pale fundi anapochukua chanya ya 86 moja kwa moja kwenye betri. Hapo gari likiwa limefungwa, koili inavuta usiku kucha. Chanya ya 86 inatakiwa itoke kwenye waya unaopata umeme ufunguo ukiwa ON tu. Mwizi akizungusha swichi, rilei inavuta na pampu inakatika vilevile, lakini gari likiwa limelala koili haina umeme. Ulinzi ni uleule.

Traka yenyewe, nzima, inakula miliampea chache ikilala na makumi ikiwa macho. Lakini ikiwa imeegeshwa mahali mtandao ni hafifu, au laini yake imekatwa, inakaa macho ikitafuta mtandao na hailali. Kama gari limenunuliwa kwa mkopo na traka ni ya mkopeshaji, wapigie kabla ya kuchomoa chochote, kwa sababu wao wanaona umeme ukikatika na wanaweza kuchukulia gari linaibwa.

Kwenye redio angalia nyaya mbili tu: njano na nyekundu. Njano ni ya kumbukumbu, inapata umeme wakati wote. Nyekundu ni ya ufunguo. Wafungaji wakikosa umeme wa ufunguo kwenye soketi, wanazisokota pamoja kwenye njano. Redio ya skrini hapo haizimiki kabisa, skrini inakuwa nyeusi lakini ndani iko macho. Zitenganishe, nyekundu ipate umeme wa ACC (hatua ya ufunguo kabla ya ON). Ukiwa na amplifaya, waya wa bluu wenye mstari mweupe ndio unaoiamsha. Ukiguswa na chanya ya kudumu, amplifaya haitalala.

Na kwa Toyota nyingi fyuzi iliyoandikwa DOME hubeba taa za ndani, saa na kumbukumbu ya redio kwa pamoja. Ukitoa fyuzi hiyo ukaona mita imeshuka, usikimbilie kusema ni taa. Irudishe, kisha chomoa soketi nyuma ya redio uone.

BetriNaAsidi

Kuna namba moja kwenye swali haijajibiwa, nayo ni hiyo 11.8 ya Jumatatu. Ampea-saa 22.8 kati ya 45 zingeacha betri na karibu nusu, yaani volti 12.2 hivi kama ilianza imejaa. Hata kama ilianza na robo tatu, ingebaki karibu 12.0. Wewe unasoma 11.8. Maana yake betri hiyo haina tena ampea-saa 45. Kila Jumatatu inayokutwa tupu inaacha salfeti ngumu kwenye bamba za risasi, na uwezo unapungua. Betri ya miezi minne inaweza kuchakaa hivyo, na hata ukiziba mahali panapovuja leo, bado itakusumbua.

Itenge betri na gari kwanza. Ijaze kwa chaja, si kwa altaneta. Ampea 4 au 5, usiku mzima, mpaka chaja ioneshe imejaa. Altaneta imetengenezwa kurudisha kile stata ilichotumia, si kufufua betri tupu, na kwenye foleni ya Kondele taa na feni zikiwaka haipati nafasi hiyo. Iache betri itulie angalau saa 6 bila kuunganishwa na kitu, kisha pima: 12.6 au 12.7 ni iliyojaa, 12.4 ni robo tatu, 12.2 ni nusu, chini ya 12.0 inakaribia tupu. Ukipima mara tu baada ya kutoa chaja utapata 13 na ushee. Hiyo ni chaji ya juujuu, haina maana yoyote.

Kisha Ijumaa jioni toa temino ya hasi na uiache nje hadi Jumatatu. Ijumaa 12.65 na Jumatatu 12.6, betri inashikilia na tatizo ni gari tu. Ikishuka hadi 12.3 bila kuunganishwa na chochote, kuna chumba kibovu ndani. Kama ni betri ya vifuniko vya kufungua, pima kila chumba kwa haidromita (kipima uzito wa asidi): iliyojaa inasoma karibu 1.265 hadi 1.280. Chumba kimoja kikitofautiana na vingine kwa 0.050, betri hiyo haiponi. Kuongeza, ongeza maji ya betri yaliyokenekwa (distilled water) pekee, si asidi.

Halafu angalia juu ya betri. Vumbi likichanganyika na mvuke wa asidi linatengeneza njia ya umeme kati ya chanya na hasi. Weka mita kwenye volti, ncha nyeusi kwenye kichwa cha hasi, nyekundu ipitishe juu ya plastiki bila kugusa chuma. Ukisoma hata volti 1 au 2, pasafishe. Magadi yale ya kupikia kunde na mrenda yanafaa sana: kijiko kimoja kwenye glasi ya maji ya vuguvugu, pakaa kwa brashi, acha povu litulie, suuza kwa maji mengi, kausha. Funga vifuniko vizuri kwanza, magadi yakiingia ndani yanaua asidi ya betri.

Joto la Kisumu nalo lina mchango. Betri ileile hujimaliza yenyewe haraka zaidi hapo kuliko Nakuru. Lakini hilo ni suala la wiki na miezi, haliwezi kueleza wikendi moja.

Ampea_Nakuru

Nakubaliana na BetriNaAsidi kwa yote, hasa la kuacha hasi nje wikendi moja. Nilipaswa kuanza nalo.

Kwa wenye magari mapya zaidi wanaosoma hapa (Noah za kitufe, Demio, na mengine yenye kompyuta nyingi): usifuate njia ya kutoa fyuzi moja moja. Kila unapochomoa na kurudisha fyuzi unaamsha kompyuta fulani, na mita inaruka tena juu, unabaki unakimbiza namba. Magari hayo mengine huchukua dakika 30 hadi 40 kulala. Acha fyuzi mahali pake, pima volti juu ya fyuzi. Kila fyuzi ya bapa ina vitundu viwili vidogo mgongoni. Weka mita kwenye milivolti 200, gusa vitundu vyote viwili. Isiyopitisha umeme inasoma 0.0. Kwa zile bapa ndogo, fyuzi ya ampea 10 ikisoma milivolti 1 inapitisha karibu ampea 0.13, ya 15 karibu 0.2, ya 20 karibu 0.3, ya 30 karibu 0.5. Gusanisha ncha za mita kwanza uone kama inasoma 0.0, nyingine zina kosa la 0.1 au 0.2 la kuzaliwa nalo. Na kwa fyuzi kubwa kipimo hiki ni kipofu kidogo, milivolti 0.1 juu ya fyuzi ya 30 ni ampea 0.05 tayari.

Hata kuunganisha mita kwenye betri kuna namna ya kutoliamsha gari. Chukua waya wenye vibanio pande zote mbili, unene wa milimita 4 za mraba unatosha, bana kichwa cha hasi cha betri na waya wa hasi wa gari kabla ya kutoa temino. Toa temino sasa, umeme unaendelea kupita kwenye waya wako. Unganisha mita sambamba nao, subiri gari lilale, kisha toa kibanio kimoja. Umeme wote unahamia kwenye mita bila kukatika. Ukitaka kufungua mlango, rudisha kibanio kwanza. Ufunguo wa kitufe uweke mbali, mita 5 au zaidi, kwa sababu ukiwa karibu gari linaendelea kuongea nao.

MizigoKondele

Asanteni sana. Nimefuata kwa mpangilio, haya ndiyo matokeo.

Betri peke yake, imejazwa kwa chaja, hasi nje Ijumaa hadi Jumatatu: 12.62 hadi 12.58. Juu yake mita ilisoma 0.8, baada ya magadi 0.0.

Kwenye temino ya chanya kulikuwa na waya mmoja mwembamba mwekundu chini ya nati, na kishika fyuzi ndani ya tepe kama ulivyosema. Nilipotoa fyuzi yake: 0.31 ikawa 0.15. Waya huo unaenda kwenye traka na pia kwenye 86 ya rilei ya alamu. Rilei ilikuwa na joto.

Waya mnene wa altaneta nje: 0.15 ikawa 0.01. Soketi ndogo haikubadilisha chochote.

Fyuzi za ndani, zile 0.05 za mwanzo: zote zinapitia DOME, na zinaisha nikichomoa soketi ya redio. Njano na nyekundu zimesokotwa pamoja.

Kwa hiyo ni sehemu tatu. Swali la mwisho: altaneta ibadilishwe nzima au kuna namna ya kubadilisha daiodi tu? Na nikinunua ya mtumba kutoka Japani, naijuaje kabla ya kulipa?

Ampea_Nakuru

Kazi safi sana. Na ona jinsi hesabu inavyojifunga: traka na rilei 0.16, altaneta 0.14, redio 0.05, fyuzi za boneti 0.02, na 0.01 iliyobaki. Jumla 0.38. Mtu akisimama kwenye ya kwanza atatoa rilei, atafurahi kwamba gari limewaka Jumatatu moja au mbili, halafu tatizo linarudi na anaanza kulaumu betri. Endelea mpaka namba zote zijumlike.

Altaneta haihitaji kubadilishwa nzima. Bamba la daiodi huuzwa peke yake, na mafundi wa altaneta hapo Kibuye wanalijua. Likishatolewa, mwombe fundi apime koili kabla ya kufunga bamba jipya: mita kwenye ohimu, ncha moja kwenye waya wa koili, nyingine kwenye chuma cha mwili wake. Isome wazi kabisa. Ikisoma chochote, koili inagusa na bamba jipya halitakusaidia. Brashi za kaboni zikiwa fupi, ziwekwe mpya wakati huohuo, kwa sababu kazi ya kufungua imeshafanyika. Bamba lichomelewe kwa risasi, joto likae muda mfupi, na miguu ya daiodi isibaki imevutwa.

Ukichukua ya mtumba, nenda na mita. Ikiwa mezani, weka mita kwenye alama ya daiodi, ncha nyekundu kwenye mwili wa altaneta, nyeusi kwenye bolti ya waya mnene: itasoma karibu 0.8 hadi 1.1. Geuza ncha, isome wazi. Kisha kipimo kinachomaliza ubishi: chanya ya betri kupitia mita ya miliampea hadi kwenye bolti, hasi kwenye mwili, bila kuchomeka soketi ndogo. Nzima inapitisha miliampea chache tu au sifuri. Ikipitisha 50, mrudishie mwenyewe.

Hiace_Luanda

Kwa rilei, usikate waya wa traka wakati unahamisha 86. Traka inabaki na chanya yake ya kudumu na fyuzi yake, ni 86 tu inayohama kwenda kwenye waya wa ON. Tafuta waya huo kwenye swichi ya ufunguo kwa mita: volti 12 ufunguo ukiwa ON na wakati wa kupiga stata, 0 ukiwa nje. Waya wa ACC haufai hapo, umeme wake hukatika stata inapozunguka na rilei itaachia. Weka fyuzi ya ampea 3 karibu na pale unapochukua umeme. Kwa redio ndiyo unatumia ACC.

Viungo vyote vichomelewe au vibanwe kwa soketi, kisha vifungwe kwa mpira wa kusinyaa. Tepe peke yake kwa joto la Kisumu inalegea na gundi inayeyuka, na baada ya miezi waya unagusa bodi.

MizigoKondele

Bamba la daiodi limebadilishwa, koili imesoma wazi. 86 imehamia kwenye ON, redio imetenganishwa. Kipimo cha asubuhi altaneta ikiwa baridi, traka ikiwa imelala: 0.04. Kipimo cha jioni, dakika 30 baada ya kuzima: 0.05 mwanzoni, ikashuka hadi 0.04. Ijumaa betri 12.6, Jumatatu 12.5, stata imezunguka kwa nguvu.

BetriNaAsidi

Hizo 0.04 kwa saa 60 ni ampea-saa 2.4. Ijaze kwa chaja mara mbili zaidi mwezi huu, usiku mzima kila mara, upunguze ile salfeti. Kisha pima stata inapozunguka: volti kwenye betri zisishuke chini ya 10 injini ikiwa baridi. Zikishuka hadi 9, betri ilishaharibika wakati wa zile Jumatatu za nyuma na itabidi uibadilishe kwa NS60 nyingine.